Siku za Mnyonge Zinahesabiwa, za Ofisi Hazihesabiwi



Mfanyakazi anayedai kwamba ameachishwa kazi isivyo halali amepewa na kanuni siku 30 za kufikisha lalamiko lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akifika siku ya 31, hasikilizwi mpaka kwanza aombe kuongezewa muda, aeleze alikuwa wapi, na akubaliwe. Lakini shauri hilohilo likishapokelewa, au dai lake la mafao likishaingia katika masijala ya mfuko, siku huacha kuhesabiwa kwa ukali ule. Jalada laweza kulala miezi mingi, pengine miaka, wala hakuna anayeulizwa lilikuwa wapi.

Tunalotaka kusema katika kurasa hizi ni jambo moja. Sheria inayomhesabia mnyonge siku zake haina budi kuihesabia na ofisi siku zake. Pasipo hivyo, haki ya kudai na haki ya kukata rufaa hubaki katika karatasi, na wanaoumia ni wale ambao haki hizo ziliwekwa kwa ajili yao: mzee, mgonjwa, mlemavu na mjane.

WENYE MADAI KATIKA MUHEZA

Wilaya yetu imejaa watu waliotumikia mashamba na reli. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Dkt. Richard Hindorf, ukapandwa kwanza upande wa Pangani, kisha ukaenea Muheza, Korogwe na sehemu nyingine za Tanga. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianzia Tanga mjini, na njia ya chuma ikafika Muheza kabla karne ile haijaisha. Huko juu, katika milima ya Amani, yakafunguliwa mashamba ya chai. Kufikia mwaka 1964 nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na mkoa wetu ndio uliokuwa moyo wa kazi hiyo.

Kazi hiyo ilifanywa na watu. Walikuja manamba kutoka Kigoma, kutoka Burundi na kutoka Msumbiji, wakaandikwa majina, wakapewa kipande, wakakata mkonge. Wengi hawakurudi makwao. Wajukuu wao leo ni wenyeji wa Muheza, wanasali pamoja nasi kanisani au wanaswali msikitini pamoja na jirani zetu.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa, na katika miaka ya 1990 yakarudishwa tena mikononi mwa watu na kampuni binafsi. Mifuko nayo ilibadilika. NPF, mfuko wa akiba ulioundwa mwaka 1964, uligeuzwa kuwa NSSF kwa sheria ya mwaka 1997. Kwa upande wa watumishi wa umma, mifuko minne, yaani PSPF, PPF, LAPF na GEPF, iliunganishwa mwaka 2018 kuwa mfuko mmoja wa PSSSF. Mabadiliko hayo yalikuwa na sababu zake. Lakini kila shamba linapobadili mwenyewe, na kila mfuko unapobadili jina, mfanyakazi wa kawaida hubaki na swali lilelile: daftari lenye jina langu liko wapi?

FUNZO LA WAZEE WA JUMUIYA

Kama yupo anayedhani kwamba tunakuza mambo, na aangalie yaliyowapata watumishi wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ile, iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1967, ilivunjika mwaka 1977. Waliokuwa wakifanya kazi katika reli, bandari, posta na simu, na shirika la ndege, walijikuta mwajiri wao hayupo tena. Mkoa wa Tanga, wenye bandari na reli, ulikuwa na watumishi wengi wa namna hiyo.

Mwaka 1984 nchi tatu zilitia saini mkataba wa kugawana mali na madeni ya Jumuiya, na kila nchi ikachukua wajibu wa kulipa pensheni za raia wake. Maneno hayo yaliandikwa na kutiwa saini. Hata hivyo mwaka 2003 wastaafu wa Tanzania walilazimika kwenda Mahakama Kuu kuishtaki Serikali yao. Mwezi Septemba mwaka 2005 yakafikiwa makubaliano: Serikali ingelipa Sh bilioni 117 hivi kwa wadai 31,831. Tangu Jumuiya ilipovunjika ilikuwa imepita miaka 28. Na hata baada ya hapo mambo hayakutulia. Baadhi ya wazee walirudi mahakamani wakidai kwamba walicholipwa hakikulingana na hesabu walizostahili, na wananchi wa Dar es Salaam wakawaona wazee wenye mvi wameketi barabarani wakidai haki yao.

Tuzingatie mambo mawili katika habari hiyo. Kwanza, miaka 28 ni umri wa mtu mzima. Aliyekuwa na miaka 45 mwaka 1977 alikuwa na miaka 73 mwaka 2005, kama alikuwa bado hai. Pili, fedha inayocheleweshwa si fedha ileile. Mwaka 1977 dola moja ya Marekani ilipatikana kwa shilingi zipatazo 8. Mwaka 2005 ilihitaji zaidi ya shilingi 1,000. Basi anayemchelewesha mdai amemnyang'anya mara mbili: amemnyima muda wa kuitumia haki yake, na ameipunguza haki yenyewe.

Jumuiya mpya ilizaliwa kwa mkataba wa mwaka 1999 na ikaanza rasmi mwaka 2000, kukiwa na bendera na hotuba. Wakati huo waliojenga ile ya kwanza walikuwa bado wanangoja.

SIKU ZA MNYONGE

Turudi sasa kwenye utaratibu wa leo. Nchi yetu haina baraza moja la rufaa za mafao. Dai la mshahara, likizo au kiinua mgongo dhidi ya mwajiri huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa chini ya sheria za kazi za mwaka 2004. Dai la mafao ya uzeeni au ya uzazi huanzia katika mfuko wenyewe. Aliyeumia kazini huenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kupokea madai mwezi Julai mwaka 2016. Kila mlango una fomu zake na siku zake.

Kwa Tume, siku za mwenye shauri la kuachishwa kazi ni 30, na za migogoro mingine ni 60. Asiyeridhika na tuzo ya mwamuzi ana majuma sita ya kuomba Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iipitie. Kwa WCF, ajali au ugonjwa unaotokana na kazi usipofikishwa kwa Mfuko ndani ya miezi 12, haki ya fidia hupotea.

Na akichelewa? Atajaza fomu ya kuomba aongezewe muda, aeleze amechelewa kwa kiasi gani na kwa sababu gani, na aonyeshe kwamba dai lake lina uzito. Mahakama ya Rufani yetu imekwisha kusema mara nyingi kwamba mchelewaji hana budi kueleza kila siku aliyochelewa, hata ikiwa ni siku moja tu. Hatuibezi kanuni hiyo. Bila mpaka wa siku, mashahidi husahau na nyaraka hupotea. Lakini tuifikirie kanuni hiyo kwa mama mchuma chai wa Amani aliyeachishwa kazi. Inampasa ashuke mlima hadi Muheza, apande gari hadi Tanga mjini, atafute ofisi, atafute wa kumjazia fomu, arudi tena kwa sababu inatakiwa nakala nyingine. Nauli yenyewe aikope. Siku 30 kwake ni chache kuliko zinavyoonekana katika kalenda.

SIKU ZA OFISI

Je, ofisi nazo hazina siku? Zinazo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka msuluhishi amalize usuluhishi ndani ya siku 30, isipokuwa pande zote mbili zikubaliane kuongeza. Inamtaka mwamuzi atoe tuzo yake, pamoja na sababu, ndani ya siku 30 baada ya kumaliza kusikiliza. Sheria ya Fidia inamtaka mwajiri aripoti ajali ndani ya siku saba. Katiba yetu, ibara ya 107A, inaziagiza mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya kimsingi, na zisifungwe mno na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki.

Tofauti iko katika matokeo. Mnyonge akizipita siku zake, dai lake linatupwa. Mwamuzi akizipita zake, sheria haikuambatanisha adhabu yoyote. Tuzo itakuja itakapokuja. Mwajiri asiporipoti ajali, mara nyingi anayeumia ni mfanyakazi, kwa maana miezi yake 12 inakwenda huku akidhani kwamba bosi amekwisha kuandika. Na ibara ya 11 ya Katiba, inayotaja haki ya mtu kusaidiwa na jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu, imewekwa katika ile sehemu ambayo Katiba yenyewe, katika ibara ya 7, inasema haiwezi kudaiwa mahakamani.

Hapo ndipo penye kasoro. Tumeweka saa mbili ukutani, moja inagonga na nyingine ni bubu.

KASORO ZINAZOZAA RUFAA

Kabla ya kulaumu ucheleweshaji wa rufaa, tuulize rufaa zinatoka wapi. Nyingi zisingekuwapo kama kazi ya kwanza ingefanywa vema. Tutaje kasoro nne.

Ya kwanza ni mchango usiopelekwa. Katika NSSF, anayetaka pensheni ya uzeeni ya kila mwezi anatakiwa awe amechangiwa kwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Tuseme mtu amefanya kazi miaka 16. Hiyo ni miezi 192. Mwajiri wake akiwa amekata mshahara lakini hakupeleka mchango wa miezi 20, daftari litaonyesha miezi 172. Kwa kosa lisilo lake, mzee huyo hatastahili pensheni. Atapewa mkupuo mmoja na kwenda zake. Wajibu wa kumfuata mwajiri ni wa Mfuko, uliopewa na sheria nguvu ya kumshtaki. Lakini mara nyingi anayeagizwa kwenda kumtafuta mwajiri ni mzee mwenyewe.

Ya pili ni majina. Huku kwetu mtu huzaliwa na jina moja, akabatizwa au akasilimu na kupata jingine, akaandikwa shambani kwa jina la tatu lililosikika vibaya na karani. Kipande kina jina moja, kadi ya mfuko ina jingine, kitambulisho cha taifa kina la tatu. Kusahihisha jambo hilo kunahitaji hati ya kiapo na barua za ushahidi. Lingesahihishwa siku moja kama lingegunduliwa mtu akiwa bado kazini. Likigunduliwa siku ya kustaafu huchukua miezi.

Ya tatu ni kifo. Mdai akifa njiani, warithi huanza upya: kikao cha ukoo, muhtasari, maombi ya usimamizi wa mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, tangazo, kungoja. Kila mwezi ofisi inaochelewa kumlipa mzee unaongeza uwezekano kwamba atakayelipwa si yeye tena bali ni msimamizi wa mirathi yake, na hapo ndipo mjane asiyejua taratibu huweza kunyang'anywa na ndugu wanaojua.

Ya nne ni uamuzi usio na sababu. Mtu anaambiwa kwa mdomo, mbele ya dirisha, kwamba dai lake limekataliwa. Hapewi barua. Asiye na barua hajui akate rufaa juu ya nini, wala hawezi kuonyesha siku zake zilianza kuhesabiwa lini. Katiba, ibara ya 13, inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufaa pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine kinachohusika. Haki hiyo haiwezi kutumika pasipo uamuzi ulioandikwa. Tangu mwaka 2021 sheria imefanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Basi hakuna tena udhuru wa kumpa mkata mkonge barua ya Kiingereza.

WANAOSEMA TUWE NA SUBIRA

Wapo watakaotujibu kwamba ofisi zina watumishi wachache na majalada mengi. Wapo watakaosema kwamba yako madai ya uongo, wastaafu hewa na vyeti vya kughushi, na kwamba anayeharakisha kulipa atalipa wezi. Hoja hizo si za kupuuza. Fedha za mifuko ni jasho la wafanyakazi wote. Anayeilinda anatulinda na sisi. Tena ni haki kukiri kwamba yako yaliyotengenezwa. Chini ya sheria ya zamani ya fidia, iliyotungwa wakati wa mkoloni, malipo ya juu kabisa kwa aliyepata ulemavu wa kudumu yalikuwa Sh 108,000, na kiwango hicho kilibaki katika sheria hata shilingi ilipokuwa imekwisha thamani. Leo aliyelemazwa kazini aweza kulipwa pensheni, na mchango wa WCF hutolewa na mwajiri peke yake. Hiyo ni hatua kubwa.

Lakini uhaba wa watumishi ni sababu ya kuomba watumishi, si sababu ya kumfanya mdai aubebe uhaba huo. Na uhakiki wa kweli huwakamata wadanganyifu kwa kuchunguza upesi, mashahidi wakiwa hai na kumbukumbu zikiwapo. Kumngojesha kila mtu hakumzuii mwizi. Mwizi ana nauli na ana rafiki ofisini. Anayezuiwa ni yule asiye navyo. Tunaambiwa subira yavuta heri, nasi tunaiamini methali hiyo. Lakini wahenga haohao walisema pia kwamba ngojangoja huumiza matumbo.

Tazameni Afrika Kusini. Katika jimbo la Eastern Cape maelfu ya walemavu walikatiwa posho zao za serikali bila kupewa taarifa wala nafasi ya kusikilizwa, kwa jina la kusafisha orodha. Mwaka 2001 Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo ilikubali kwamba wachache waweze kusimama mahakamani kwa niaba ya wote, kwa kuwa maskini mmojammoja vijijini asingeweza kuifikia mahakama. Funzo ni kwamba kusafisha orodha ni halali, lakini mtu asiondolewe kabla ya kuulizwa.

Na tutazame karibu zaidi. Mwezi Aprili mwaka 2016 Zanzibar ilianza kulipa pensheni jamii kwa kila mkazi aliyefikisha umri wa miaka 70, kwa kuanzia Sh 20,000 kwa mwezi. Hatusemi kiasi hicho kilitosha. Tunasema kwamba haki inayotegemea umri na ukaazi tu ni rahisi kuthibitisha na ni vigumu kuipotosha. Kadiri masharti yanavyokuwa mengi, ndivyo mizozo inavyokuwa mingi.

TUNAYOYADAI

Kutokana na hayo, tunatoa madai matano kwa wenye mamlaka, na tunawaomba viongozi wa walei wayafikishe kwa diwani na mbunge.

1. Kila dai la mafao lipatiwe risiti yenye tarehe na mhuri siku linapopokelewa, na barua ya uamuzi yenye sababu, kwa Kiswahili, ikionyesha mahali pa kukata rufaa na siku zilizopo.

2. Ofisi inayopita siku ilizowekewa itoe maelezo kwa maandishi kwa mdai, bila kungoja aulize. Kama mdai anavyoeleza kila siku aliyochelewa, ofisi nayo ieleze.

3. Malipo yaliyocheleshwa kwa kosa la ofisi au la mwajiri yaongezwe riba, ili ucheleweshaji usiwe na faida kwa yeyote. Na pale ambapo sehemu ya dai haina ubishi, sehemu hiyo ilipwe wakati iliyobaki inaendelea kuchunguzwa.

4. Mchango uliokatwa katika mshahara uhesabiwe kuwa wa mfanyakazi tangu siku ulipokatwa. Mfuko na mwajiri wamalizane wao kwa wao.

5. Usuluhishi na usikilizaji ufanyike Muheza kwa siku zinazojulikana, badala ya kila mdai wa Amani, Ngomeni au Kigombe kusafiri hadi Tanga mjini kwa kila kuahirishwa.

TUNAYOWEZA KUYAFANYA SISI

Haitoshi kudai. Yapo ambayo jumuiya ndogondogo zaweza kuyafanya pasipo kungoja kibali cha mtu.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mafao ni mali. Kila familia iwe na bahasha moja: mkataba wa kazi, hati za mshahara, kadi ya mfuko, kitambulisho, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Nakala ziwekwe mahali pa pili. Anayefanya kazi aulize taarifa ya michango yake kila mwaka, si siku ya kustaafu. Jina likipishana, lisahihishwe sasa.

Katika kila jumuiya achaguliwe mtu mmoja anayejua kusoma kalenda na kutunza siri, awe mhesabu siku. Mtu akiumia kazini au akiachishwa kazi, mhesabu siku aandike tarehe na kumkumbusha: siku 30, siku 60, majuma sita, miezi 12. Jambo hili ni dogo, lakini madai mengi hufa kwa sababu ya tarehe kuliko kwa sababu ya hoja.

Wenye shauri la aina moja wasiende mmojammoja. Wanaweza kumteua mmoja wao kwa maandishi, wote wakatia saini, akasimama kwa niaba yao mbele ya Tume. Nauli ya mtu mmoja huchangika. Wakumbuke pia kwamba siku 30 za usuluhishi zikiisha bila suluhu, hawalazimiki kuendelea kungoja; sheria inawaruhusu kulipeleka shauri mbele, kwenye uamuzi au mahakamani. Wengi huketi na kungoja kwa kutojua hilo.

Wasaidizi wa kisheria nao wametambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Parokia zenye vijana waliosoma ziwapeleke wakafunzwe kazi hiyo. Na ofisi ya umma ikizidi kupuuza, ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001 kurithi kazi ya iliyokuwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi. Malalamiko juu ya uendeshaji mbaya wa ofisi ni sehemu ya kazi yake, na barua moja iliyoandikwa vizuri yatosha kuyaanzisha.

Msaada huu usitolewe kwa waamini wetu peke yao. Jirani Mwislamu aliyekata mkonge mstari mmoja na baba yetu ana dai lilelile, na huenda jalada lake limelala katika kabati lilelile.

Ndugu wasomaji, tunaijua habari ya mjane wa Injili aliyemwendea kadhi mara kwa mara mpaka akapewa haki yake. Tumezoea kumsifu mjane kwa kutochoka, na anastahili sifa. Lakini habari hiyo inamhusu kadhi pia, naye hakusifiwa. Tuwasaidie wajane wetu wasichoke, na papo hapo tuwaulize makadhi wetu kwa heshima na bila woga: jalada hili lililetwa tarehe ngapi, na leo ni tarehe ngapi?

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu ni nani anayengoja mafao au fidia, na amengoja tangu lini?

2. Je, kila anayefanya kazi miongoni mwetu anajua michango yake imefikia miezi mingapi?

3. Nani atakuwa mhesabu siku wetu, na ataanza lini?